UZI: Kalenda ya Google ya simu ya bosi na kalenda ya kompyuta ya ofisini hazisomani, naombeni msaada (Kigoma)

#1 DadaWaMwanga
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja.

Nipo Kigoma hapa Mwanga, ofisi yetu inakodisha ukumbi, mahema na viti, iwe harusi, sendofu, kipaimara, semina za mashirika, chochote kile. Bosi wetu ni mama mmoja wa Ujiji, hakai ofisini, yeye ni wa kuzunguka tu, leo Kasulu kesho Manyovu, na wateja wengi wanampigia yeye moja kwa moja, basi akishakubaliana nao anaingiza tarehe kwenye Kalenda ya Google kwenye simu yake, Android. Mimi huku ofisini nina kompyuta ya Windows yenye Outlook (programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda) ile ya zamani ya kununua, wateja wanaokuja kwa miguu yao nawaandika mimi.

Alikuja fundi mmoja akatuunganishia, akasema kuanzia leo mama akiandika kitu huku unakiona. Na kweli naviona ila vinachelewa, ameandika asubuhi mimi nakiona jioni ama kesho yake. Nikiandika mimi mama haoni kitu kabisa. Alafu kuna hili la tatu ndo linaniumiza kichwa, baadhi ya matukio, nasema baadhi sio yote, yanakuja na saa nyingine. Mama anaapa aliandika saa mbili asubuhi, huku kwangu inasoma saa tatu, na nikimwambia mama fungua simu yako tuangalie wote na yeye anaona saa tatu, anabaki anasema hii simu imelogwa.

Jumamosi iliyopita tukagonganisha, sendofu ya watu na kikao cha ukoo siku moja ukumbi mmoja. Watu wa sendofu wanafika na mpambaji wao na vitambaa vyote wanakuta viti vimepangwa duara wazee wanajadili mirathi. Naombeni msaada jamani kabla haijatokea tena.

#2 Migebuka_tupu
Hao wazee wa mirathi si wangekaribishwa tu sendofu wale pilau 😂😂

Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 MzeeWaKaratasi
Kaunta buku shilingi elfu chache dukani. Kalamu nyekundu ya mama, bluu yako. Hii mitandao mnajitafutia presha tu.

#4 DadaWaMwanga
Mzee wangu shikamoo. Kaunta buku tulikuwa nayo, tatizo kaunta buku liko Mwanga na mama yuko Manyovu, mteja anampigia saa hizo hizo anataka jibu. Na akinipigia mimi kuuliza tarehe nako mtandao ukiwa chini ndo basi.

#5 FundiGungu
DadaWaMwanga kabla sijasema kitu nijibu hivi, fungua Outlook, chukua tukio lolote lililotoka kwa mama, libofye mara mbili alafu jaribu kubadilisha hata herufi moja. Inakubali?

#6 DadaWaMwanga
Haikubali mkuu. Inaandika juu kule kwamba ni ya kusoma tu. Ndo maana mimi naandika kwenye ile kalenda nyingine iliyokuwepo humo humo Outlook, inayoitwa Calendar.

#7 FundiGungu
Basi nimeshaelewa. Huyo fundi hakuunganisha, amekuwekea linki ya kuangalia. Kaa vizuri nikueleze maana hapa ndo watu wengi sana wanapotea, na sio Kigoma tu.

Kuna njia tatu za kutoa kalenda mtandaoni kuileta kwenye kompyuta na zote mafundi wanaziita kusinki (kuoanisha), kumbe kila moja na tabia yake.

Ya kwanza ni kuhamisha faili. Unaenda Google unapakua faili la ics (faili la kubebea matukio ya kalenda) unaliingiza kwenye programu. Hapo umepata nakala ya siku hiyo, mama akiandika kitu dakika moja baadae wewe hukijui milele, na haina kosa, imefanya kazi yake.

Ya pili ni kujiunga kwa linki, hiyo ndo mliyonayo. Kwenye setingi za Kalenda ya Google kila kalenda ina anwani ya siri inayoishia na .ics, unaichukua unaibandika Outlook sehemu ya kuongeza kalenda kutoka intaneti. Kuanzia hapo Outlook inakuwa inapitapita kuangalia kama kuna jipya. Ila ni kama ubao wa matangazo wa msikitini, unasoma, huandiki. Na muda wa kwenda kuchungulia hauamui wewe wala mama, ndo maana linakuja linachelewa. Ukigeuza upande, yaani uchukue linki ya nje uiweke ndani ya Kalenda ya Google, Google wenyewe wanasema mabadiliko yanaweza kuchukua mpaka masaa 12 kuonekana. Kwa ukumbi hiyo ni hatari, ndani ya masaa 12 umeshapokea adivansi mbili.

Ya tatu ndo kusinki kwenyewe, pande mbili. Programu inaingia kwenye akaunti, inapewa ruhusa, inasoma na kuandika kule kule Google. Lugha wanayoongea hapo inaitwa CalDAV, ipo tangu 2007, na programu nyingi za kalenda zinaijua. Outlook ya zamani haijui. Haikuzaliwa nayo na hawakuiongeza.

Na hiyo kalenda unayoandikia wewe iko ndani ya kompyuta yako tu. Mama hawezi kuiona hata afanyeje, haijawahi kutoka humo ofisini.

#8 Unyanyembe_mtu
Mwangaluka wakuu, nipo Tabora. Nimepitia haya haya na Outlook, ngoja nimuongezee FundiGungu.

Zamani Google wenyewe walikuwa na kiprogramu cha bure cha kusinki na Outlook, unaweka unasahau, kilikuwa kizuri mno. Wakakizima tarehe 1 Agosti 2014. Mpaka leo ukitafuta mtandaoni unakuta maelekezo ya zamani yanakutuma ukapakue, unahangaika nusu siku kumbe kitu kilishazikwa. Wana kingine cha Outlook lakini hicho ni kwa wenye akaunti za kulipia za maofisi, jimeili (Gmail) ya kawaida hakikuhusu.

Kwa Outlook ya zamani zimebaki nyongeza mbili za bure zilizotengenezwa na watu wa kujitolea, Outlook CalDav Synchronizer na Outlook Google Calendar Sync. Zote zinafanya kazi pande mbili. Mimi natumia hiyo ya pili, ila ukiiweka kuwa makini sana na setingi ya upande upi uandike upande upi, na ile ya kufuta, jaribu kwanza na kalenda tupu ya majaribio. Ukiikosea inaweza kukuletea kila tukio mara mbili na kuyafuta ni kazi ya mchana kutwa.

Alafu kuna Outlook mpya, ile inayokuja na Windows sasa hivi. Hiyo unaongeza jimeili kawaida tu na kalenda inakuja nayo, unaandika humo inaenda. Shida yangu na hiyo ni kwamba barua na kalenda zako zinapitia kwenye mitambo ya Microsoft kwanza ndo zije kwako, wengine hawajali, mimi najali kidogo. Na zile nyongeza mbili nilizotaja haziingii kwenye Outlook mpya, ni ya zamani tu.

#9 Kibirizi_Boy
Kwani ile apu ya Kalenda iliyokuwa ndani ya Windows 10 si ilikuwa inasinki na Google vizuri tu? Mi ndo nilikuwa naitumia

#10 Unyanyembe_mtu
Ilikuwa inasinki ndio. Microsoft waliifunga tarehe 31 Desemba 2024, wanasukuma watu waende Outlook mpya.

#11 FundiGungu
Ushauri wangu ni Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda ya kompyuta. Bure, ya Mozilla wale wale wa Firefox, na inaongea hiyo CalDAV yenyewe bila nyongeza yoyote. Zamani kalenda yake ilikuwa kitu cha kupachika, kuanzia toleo la 78 la 2020 imo humo humo. Outlook mwache afanye barua pepe zake, kalenda hamia huku.

Hatua zenyewe, fuata kwa utulivu. Fungua sehemu ya kalenda, bonyeza kuongeza kalenda mpya, itakuuliza ikae kwenye kompyuta au mtandaoni, chagua On the Network. Kwenye jina andika jimeili nzima, kile kisanduku cha anwani kiache wazi. Bonyeza Find Calendars. Litafunguka dirisha la Google lenyewe, unaingia na paswedi, unakubali ruhusa, inakuletea orodha ya kalenda zote za hiyo akaunti, unatiki unazotaka, kwisha.

Ukiona mtu anakwambia uandike paswedi ya Google moja kwa moja ndani ya programu ya kalenda ujue ana maelekezo ya zamani. Kwa akaunti za kawaida Google alifunga huo mlango tarehe 30 Mei 2022, sasa lazima lije dirisha lao.

#12 DadaWaMwanga
Mkuu ubarikiwe. Sasa hapo penye kuingia na paswedi ndo pagumu. Mama hawezi kunipa paswedi yake, na mimi simlaumu, humo kuna mambo yake ya vikoba, kliniki, mambo ya familia. Nilivomuuliza tu alinikata jicho.

#13 NesiMstaafu_Tbr
Mama yuko sahihi kabisa, wala msimlazimishe. Paswedi haigawiwi.

#14 FundiGungu
Hahitaji kukupa. Na nashukuru umelisema maana hapa ndo penyewe.

Mpaka sasa mama anaandika ukumbi kwenye kalenda yake binafsi, imechanganyika sendofu za watu na miadi yake ya meno. Tengenezeni kalenda ya pembeni, iiteni UKUMBI. Hii fanyeni kwenye brauza ya kompyuta. Mama aje ofisini siku moja, aingie kwa akaunti yake mwenyewe, atengeneze, alafu kwenye setingi za hiyo kalenda kuna sehemu ya kushirikisha watu maalumu. Hapo anaweka jimeili ya ofisi. Kama hamna ya ofisi fungueni.

Sasa angalieni ruhusa, ziko ngazi nne. Ya chini kabisa mtu anaona tu kwamba muda huu umeshikwa bila kujua na nini. Inayofuata anaona maelezo yote. Ya tatu anaweza kuongeza na kubadilisha matukio, hiyo ndo yako DadaWaMwanga. Ya nne anaweza pia kugawia wengine, hiyo mama abaki nayo peke yake. Wengi wanaachia ngazi ya pili alafu wanarudi hapa kulia kwamba haisinki, kumbe inasinki vizuri ila hawana ruhusa ya kuandika.

Thunderbird utaingia kwa jimeili ya ofisi na utaiona UKUMBI kwenye orodha. Vikoba vya mama hutaviona.

#15 NesiMstaafu_Tbr
Na hiyo anwani ya siri aliyoichukua yule fundi je? Nauliza maana kama nimeelewa vizuri, yeyote mwenye ile linki anasoma kalenda nzima ya mama bila paswedi. Miadi ya kliniki na yote.

#16 FundiGungu
Umeelewa vizuri kabisa mama, na mimi nilikuwa nimesahau kulisema. Aliyenayo anasoma. Fundi pengine hata hakumbuki, imebaki tu kwenye historia yake ya brauza au kwenye WhatsApp alipojitumia, lakini ipo. Mama akiwa pale kwenye setingi chini ya ile anwani kuna kitufe cha kuibadilisha, akibonyeza linki ya zamani inakufa hapo hapo na inazaliwa nyingine. Outlook yako itaanza kulalamika haiipati, achana nayo, ifute humo.

#17 Kibirizi_Boy
Mi bado niko kwenye ile saa mbili saa tatu. Mbona hakuna aliyeijibu? Hiyo ndo tamu

#18 Unyanyembe_mtu
Nadhani ni saa ya kompyuta. DadaWaMwanga angalia kwenye Windows umechagua ukanda gani, Tanzania ni ule ulioandikwa (UTC+03:00) Nairobi, yaani masaa matatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Mafundi wengi wakipiga Windows mpya wanaacha ya Marekani au wanachagua yoyote inayofanana saa, ukutani inasoma sawa ila kalenda inachanganyikiwa.

#19 DadaWaMwanga
Nimeangalia ipo Nairobi +3. Na kama ingekuwa kompyuta si yangeharibika yote? Haya ni baadhi tu. Mengine ya mama yako sawasawa kabisa.

#20 ManyovuExpress
Hahahaha naona mnazunguka mbuyu. Dada, hayo yanayokosea, mama yako anakuwa yuko wapi anapoyaandika?

#21 DadaWaMwanga
Sijui, ngoja nimpigie.

#22 DadaWaMwanga
Nimeongea nae. Yale matatu niliyoyaandika pembeni anakumbuka mawili aliyaandika akiwa Manyovu, anaenda kule kufuata mzigo. La tatu hakumbuki.

#23 ManyovuExpress
La tatu nalo ni Manyovu, au alipita Kagunga.

Sikilizeni watu wa mjini. Sisi wa mpakani simu zetu zinakamata minara ya Burundi, unakaa zako Tanzania unakunywa chai mara inaingia meseji karibu Burundi. Sasa Burundi wako nyuma yetu saa moja, wao ni UTC+2 sisi +3. Simu ikiwa imewekwa ichukue saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, ikikamata mnara wa ng'ambo inarudi nyuma saa moja bila kukuuliza. Wengine wanaikosa daladala hivi hivi.

Mama anaandika saa mbili asubuhi, simu yake saa hizo inajiona iko Burundi, kwahiyo Google inahifadhi saa mbili ya Burundi. Saa mbili ya Burundi ni saa tatu yetu. Kwenye kompyuta yako iliyokaa Mwanga inasoma saa tatu, na iko sahihi. Akirudi Ujiji simu inakamata mnara wa nyumbani, naye anaona saa tatu. Hakuna aliyeloga.

Na ukiwa kule mpakani mambo yanageuka, tukio lililoandikwa Mwanga saa mbili unaliona saa moja. Mtu anafika saa nzima kabla, anakuta ukumbi umefungwa.

#24 Migebuka_tupu
Asee 🙌 huyu ndo mtaalamu sasa. Kongo nako ni hivo hivo, upande wa Kalemie wako +2. Hata ukishuka na ziwa mpaka Mpulungu Zambia bado +2, sisi tuko peke yetu upande huu wa ziwa.

#25 FundiGungu
ManyovuExpress nimekuvulia kofia, mimi wa Gungu hapa nisingefika huko.

Dawa ni mbili na zifanywe zote. Kwenye simu ya mama, setingi za tarehe na saa, zima ile ya kuchukua saa za eneo kiotomatiki alafu chagua Dar es Salaam mwenyewe. Ya pili, ndani ya apu ya Kalenda ya Google, setingi, sehemu ya jumla, kuna swichi inayosema itumie saa za eneo la kifaa. Zima, chagua Afrika Mashariki. Hata simu ikirukwa na akili Manyovu, kalenda inabaki nyumbani.

Yale yaliyoharibika tayari lazima uyapitie moja moja, mpigie mteja uthibitishe saa, usirudishe nyuma saa moja kwa kukisia tu. Yale ya siku nzima yasiyo na saa hayaguswi na hili tatizo, hayo yanafuata tarehe tu. Na kwa ukumbi mngekuwa mnaandika siku nzima alafu saa mnaiweka kwenye maelezo, maana ukumbi kwa siku mnakodisha mara moja au?

#26 DadaWaMwanga
Semina asubuhi na sherehe usiku, siku nyingine mara mbili. Kwahiyo saa tunazihitaji. Ila mahema ni siku nzima, hayo nitafanya hivo.

#27 Kibirizi_Boy
Na kuna hili jingine, sisi kwetu kazini kuna jamaa alikuwa anaandika kikao cha saa mbili asubuhi anagonga 2:00 kwenye simu. Simu inaelewa saa nane usiku. Kengele inalia mke wake anaruka kitandani. Badilisheni simu isome saa 24, akiona 02:00 atashtuka mwenyewe kwamba asubuhi yetu ni 08:00.

#28 MzeeWaKaratasi
Kaunta buku halina mnara wa Burundi.

#29 ManyovuExpress
Mzee umetupiga bao hapo 😂

#30 Binti_Ujiji
Mnisamehe naingilia. Na umeme ukikatika je? Na bando? Huku kwetu vyote viwili havina dhamana.

#31 FundiGungu
Kalenda ni maandishi tu, haili bando la maana, picha moja ya WhatsApp inakula zaidi ya sendofu za mwezi mzima. Mara ya kwanza tu inavuta vyote, baada ya hapo inachukua mabadiliko.

Kwenye Thunderbird bofya kulia jina la kalenda, ingia kwenye sifa zake, hakikisha ile ya kutumia bila mtandao imetikiwa. Hapo nakala inakaa kwenye kompyuta, mtandao ukiwa chini bado unaona tarehe zote, unaweza na kuandika, ukirudi inapeleka yenyewe. Lakini jihadhari, uliyoandika mtandao ukiwa chini mama hayaoni mpaka urudi, na yeye anaweza kuwa anaandika hiyo hiyo tarehe. Mtandao ukiwa chini usipokee adivansi kabla hujamuuliza.

Hapo hapo kwenye sifa kuna muda wa kusasisha, inakuja imewekwa dakika 30. Shusha dakika 5. Mteja akiwa mbele yako bonyeza kile kitufe cha kusinki papo hapo kabla hujamwambia ipo wazi.

#32 Binti_Ujiji
Asante. Na sikukuu? Mwaka huu Kalenda ya Google ilinionyesha Idi siku nyingine kabisa na tuliyosali.

#33 NesiMstaafu_Tbr
Idi ni mwezi kuandama mwanangu, Google hapandi mlimani kutazama mwezi 😄 Ile ni hesabu tu, inaweza kupishana siku moja. Kwenye setingi ukitaka unaweza kuwasha na kalenda ya Hijria ionekane pembeni ya tarehe za kawaida, lakini nayo ni hesabu. Kwa ukumbi wa Ujiji Idi mosi na Idi pili mngezishika zote mpaka tangazo litoke.

#34 DadaWaMwanga
Mrejesho wakuu.

Mama amekuja leo. Tumetengeneza UKUMBI, na nimeongeza nyingine MAHEMA maana mahema yanatoka hata ukumbi ukiwa umelala. Amenipa ruhusa ile ya ngazi ya tatu. Linki ya siri ameibadilisha, kwa kweli alipoelewa yule fundi alikuwa anaweza kusoma kliniki zake alikaa kimya kama dakika nzima alafu akauliza namba yake, nikamwambia mama tuyaache hayo.

Thunderbird ilinigomea mwanzo. Dirisha la Google linafunguka, naandika jimeili, nabonyeza mbele, linarudi pale pale, mbele, linarudi. Mwisho linabaki jeupe.

#35 Unyanyembe_mtu
Vidakuzi (cookies). Setingi za Thunderbird, sehemu ya faragha, kuna tiki ya kupokea vidakuzi kutoka kwenye tovuti. Kama imetolewa Google haikumbuki umeshaingia, inakurudisha mlangoni. Itiki, funga programu, fungua upya.

#36 DadaWaMwanga
Ndo yenyewe!! Imekubali. Nimeandika "JARIBIO" kesho saa nne, mama hapo alipo kwenye kiti imemtokea kwenye simu kabla sijamaliza kumwambia angalia. Na yeye akaifuta, nikasinki ikapotea huku. Mama amepiga kigelegele ofisini watu wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

Sasa swali dogo. Kila tukio linanilia mara mbili, kompyuta inalia na simu yangu inalia. Na la pili, nimeshtuka alivolifuta kirahisi vile. Siku akifuta harusi ya mtu kwa bahati mbaya?

#37 FundiGungu
Kulia mara mbili, kwenye sifa za hiyo kalenda ndani ya Thunderbird toa tiki ya kuonyesha vikumbusho, simu ibaki inalia peke yake. Au kinyume chake, wewe tu.

Kufuta, Kalenda ya Google ina pipa la taka, linakaa nayo siku 30 hivi. Linafunguliwa kwenye brauza ya kompyuta, ile ile sehemu ya setingi juu. Unalikuta tukio, unalirudisha, linarudi na kwenu wote. Zikishapita hizo siku limekwenda. Kwahiyo kila mwisho wa mwezi mama, maana ndo mwenye ruhusa ya ngazi ya nne, aingie setingi kwenye brauza, kuingiza na kutoa data, atoe. Inakupa faili la zip, ndani yake kuna ics za kila kalenda, liweke kwenye flashi. Ile njia ya kwanza niliyosema haifai kusinki, kazi yake ndo hii sasa, akiba.

Na kuchapisha inachapika. Kila Jumatatu toa karatasi ya wiki ibandike ukutani, MzeeWaKaratasi nae afurahi.

#38 MzeeWaKaratasi
Hapo sawa.

#39 Migebuka_tupu
Mtoto wa mama nae akitaka kuona kwenye iPhone yake? Maana najua siku mbili tatu atakuja na hilo, bosi wa kike lazima awe na kijana wake wa mjini 😂

#40 DadaWaMwanga
We umejuaje?? Yupo Dar na ameshapiga. Ameongeza akaunti kwenye setingi za iPhone, kalenda yake inakuja ila UKUMBI na MAHEMA haoni, na mama ameshamshirikisha na kwenye brauza anaziona.

#41 Unyanyembe_mtu
Akitumia kalenda ya Apple yenyewe, zile za kushirikishwa haziji mpaka uziruhusu. Aende kwenye brauza calendar.google.com/calendar/syncselect, aingie kwa jimeili yake, atiki UKUMBI na MAHEMA, ahifadhi. Alafu arudi kwenye kalenda ya simu avute chini isasishe. Akiwa na haraka aweke tu apu ya Google yenyewe, hiyo haina huo mlolongo.